Wewe Inakuhusu Nini?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi hadi nimeacha kulihesabu. Kila ninapobishana na watu kuhusu sheria za Marekani, iwe ni Guantanamo, iwe ni majasusi kudukua mawasiliano ya watu, iwe ni rais wao kurusha makombora bila kuuliza Bunge, lazima atokee mtu wa kunikatiza: "Sasa wewe Mkenya, inakuhusu nini?" Wanaouliza si Wamarekani pekee. Wamarekani, kusema ukweli, huuliza kwa adabu kidogo. Wenzangu wa hapa Nairobi ndio huuliza wakicheka, kana kwamba wamenikuta nimevaa koti zito la baridi katikati ya Januari.

Jibu langu refu lina mtu wa Zanzibar ndani yake.

Ahmed Khalfan Ghailani alizaliwa Zanzibar. Alishtakiwa kwamba alisaidia kupanga shambulio la Dar es Salaam la tarehe 7 Agosti 1998, siku ile ile lori lingine lilipolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani hapa Nairobi. Waliokufa katika miji yote miwili ni 224. Nairobi pekee walikuwa 213, na kati ya hao Wamarekani ni 12. Waliobaki ni sisi. Ghailani alikamatwa Pakistan Julai 2004, akawekwa na CIA katika vizuizi vya siri, akahamishiwa Guantanamo 2006, halafu Juni 2009 akapelekwa New York kusimama mbele ya mahakama ya kawaida, yenye jaji wa kawaida na juri ya raia wa kawaida. Hakuna mfungwa mwingine wa Guantanamo aliyewahi kupelekwa kushtakiwa hivyo kwenye ardhi ya Marekani.

Sasa hapo ndipo ubishi unapoanzia. Kabla ya kesi kuanza, upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi wao mkubwa, Mtanzania ambaye angeeleza kwamba alimuuzia Ghailani baruti za TNT. Shida ni jinsi walivyompata. Jina lake lilitoka kwa Ghailani mwenyewe akiwa mikononi mwa CIA, na serikali yenyewe ilimwambia Jaji Lewis Kaplan achukulie kwamba maelezo hayo yalipatikana kwa kulazimishwa. Yaani hawakutaka hata kubishania kilichotokea mle ndani. Oktoba 2010 Kaplan akamkataa shahidi. Akasema Katiba si kitu cha kufuatwa siku za raha na kuwekwa kando siku za hofu.

Juri ikakaa siku kadhaa. Mmoja wao alimwandikia jaji barua akiomba aondolewe kwa sababu wenzake walikuwa wanamshambulia kwa msimamo wake. Hakuondolewa. (Mimi barua hiyo huipenda sana. Yeyote aliyewahi kubaki peke yake katika ubishi anajua mtu huyo alikuwa anahisi nini.) Tarehe 17 Novemba 2010 wakatoa uamuzi: kati ya mashtaka zaidi ya 280, hana hatia kwa yote isipokuwa moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali ya Marekani. Mashtaka ya mauaji, yote, moja baada ya jingine, hana hatia.

Majengo na mali. Soma tena polepole.

Kuna jamaa tuliyekuwa naye chuo mwaka wa kwanza, kabla sijaacha masomo. Yeye alimaliza na sasa ni wakili, na kila tukibishana hunikumbusha hilo. Msimamo wake ni kwamba uamuzi wa Ghailani ni ushahidi tosha kuwa mahakama za raia haziwezi kesi za ugaidi. Ati watu 224 wamekufa, shahidi yupo, anasema ukweli, halafu jaji anamfungia mlango kwa sababu ya utaratibu. "Haki ya waliokufa iko wapi?" huniuliza, na sauti yake huwa imepanda. Hiyo hoja si ya kijinga. Ndiyo hoja iliyowafanya wabunge wa Marekani, wiki chache tu baadaye, kupitisha sheria ya kuzuia fedha za umma kutumika kuwahamisha wafungwa wa Guantanamo kwenda Marekani kushtakiwa, na kizuizi hicho wamekuwa wakikirudia mwaka baada ya mwaka.

Mimi humjibu hivi. Kwanza, Ghailani hakwenda nyumbani. Januari 2011 Kaplan alimpa kifungo cha maisha kwa shtaka lile moja, na 2013 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Pili, angalia walioachiwa tume za kijeshi. Khalid Sheikh Mohammed na wenzake walisomewa mashtaka ya Septemba 11 mbele ya tume hiyo Mei 2012. Hadi 2024 kesi yenyewe ilikuwa haijaanza kusikizwa. Wale wanne walioshtakiwa New York kwa mabomu ya Nairobi na Dar walikuwa wamepatikana na hatia tangu Mei 2001, kabla minara haijaanguka, katika mahakama ya kawaida kabisa, na wote wanne wakafungwa maisha. Tatu, na hii ndiyo humnyamazisha kwa dakika moja au mbili: aliyewanyima wafu wetu shahidi si jaji. Ni yule aliyemtesa mshtakiwa. Kama Ghailani angehojiwa kama mshukiwa yeyote wa mauaji, Mtanzania yule angeingia kizimbani na kusema aliyoyajua.

Lakini lazima niseme pia jambo ambalo wanaompenda Kaplan huliruka. Katika uamuzi ule ule wa kumkataa shahidi, aliandika kwamba hata Ghailani akiachiliwa huru na juri, huenda serikali ikaendelea kumzuia kama adui wa vitani mpaka vita viishe. Vita gani, na vitaisha lini, hakuna ajuaye. Kwa hivyo ile kesi nzuri tunayojivunia sisi wa upande huu ilikuwa na mlango wa nyuma, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa serikali.

Rafiki yangu wakili husema mimi nasoma hukumu kama riwaya. Sawa. Hukumu za mahakama zao ziko wazi kwa kila mtu, hazidai ada ya muhula, na mimi muda ninao.

Sasa nirudi kwa swali la kunihusu. Nilizaliwa baada ya bomu. Shangazi yangu alizaliwa kabla. Asubuhi ile alikuwa karani katika ofisi moja karibu na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie. Wengi wanakumbuka kwamba kulikuwa na mlio mdogo kwanza, wa guruneti, halafu ndipo mlipuko wenyewe. Mlio ule mdogo uliwavuta watu madirishani kuchungulia. Ndiyo maana wengi waliopona waliumia macho. Shangazi alienda dirishani. Jicho la kushoto halioni tangu siku hiyo, na vipande vidogo vya kioo viliendelea kujitokeza kwenye shavu lake miaka mingi baadaye, chenyewe kwa chenyewe, kama upele.

Nilipomweleza kuhusu shahidi wa TNT aliyekataliwa, nilitarajia aseme kitu cha hekima. Alichosema ni: "Kwani alikuwa anadanganya?"

Nikasema hapana, huenda alikuwa anasema ukweli.

"Basi wangemsikiza." Akaendelea kuchambua mchele.

Nilimweleza kuhusu mateso, kuhusu Katiba, kuhusu ufunguo wa nyuma. Alisikiliza yote. Mwishowe akaniambia, "Mwanangu, hao wote wanabishana juu yake yeye. Sisi tuko wapi kwenye hiyo kesi?" Bado naamini Kaplan alifanya sawa. Ila tangu siku hiyo, kila hukumu ninayoifungua huwa naisoma nikitafuta tuko wapi.

Na kuna moja ambayo tuko hadi kwenye jina. Inaitwa Opati dhidi ya Jamhuri ya Sudan. Opati! Jina la kwetu magharibi, juu kabisa ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya tarehe 18 Mei 2020. Waathiriwa na familia zao walikuwa wameishtaki Sudan kwa kuwapa al-Qaeda makao miaka ya tisini, wakati Osama bin Laden aliishi Khartoum. Walipewa tuzo ya takriban dola bilioni 10.2, zikiwemo bilioni 4.3 za kuiadhibu Sudan. Sudan ikasema hizo za adhabu hazifai, kwa kuwa sheria inayoziruhusu ilipitishwa 2008 na bomu lililipuka 1998. Mahakama ya rufaa ikaikubalia. Mahakama ya Juu ikageuza: majaji wote wanane walioketi walikuwa upande mmoja, na aliyeandika ni Neil Gorsuch, jaji wa mrengo wa kulia ambaye marafiki zangu wa mrengo wa kushoto hawataki hata kumsikia.

Nilifurahi sana. Halafu nikasoma sheria yenyewe.

Sheria yao inasema dola likiwa ni mfadhili wa ugaidi linaweza kushtakiwa Marekani endapo aliyeumizwa, au anayedai, alikuwa raia wa Marekani, au mwanajeshi wao, au mfanyakazi au mkandarasi wa serikali yao. Wakenya waliomo kwenye kesi ya Opati wamo kwa sababu ubalozi ulikuwa umewaajiri, au kwa sababu ya jamaa zao walioajiriwa humo. Mwanafunzi wa taipureta aliyefunikwa na jumba la Ufundi hayumo. Abiria wa basi aliyekwama kwenye foleni hayumo. Karani aliyeenda dirishani ofisi ya jirani hayumo. Mwisho wa mwaka huo Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335, ikaondolewa kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi, na Bunge la Marekani likairudishia kinga yake ya kutoshtakiwa. Hata ndani ya mapatano hayo familia ya Mmarekani aliyekufa iliwekewa fungu kubwa kuliko la familia ya Mkenya aliyekufa akifanya kazi ubalozi ule ule.

Ndiyo maana nabishana. Sheria zinazoamua nani ni mwathiriwa wa Haile Selassie Avenue ziliandikwa Washington, na waliozipigia kura hawahitaji kura ya shangazi. Ni vivyo hivyo kwa mambo mengine. Aprili 2024 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kuhusu kifungu cha 702, kinachowaruhusu majasusi kukusanya mawasiliano ya watu wasio Wamarekani walio nje ya Marekani. Pendekezo la kuwataka wapate kibali cha mahakama kabla ya kupekua ujumbe wa Wamarekani ulionaswa humo lilipata kura 212 kwa 212, likaanguka. Nchi nzima yao iligawanyika katikati kama papai. Lakini soma vizuri walichokuwa wanagombania: ujumbe wa Wamarekani. Kwamba mimi na wewe tunaweza kusikilizwa, pande zote mbili zilikuwa zimeshakubaliana.

Na Mohammed Abdulmalik? Mkenya, akakamatwa hapa Kenya 2007, akakabidhiwa kwa Wamarekani, akapelekwa Guantanamo, akarudishwa Desemba 2024. Karibu miaka 18, bila kushtakiwa hata kwa kosa moja. Wakati akiwa huko, sisi hapa tulipitisha Katiba ya 2010 ambayo inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Rafiki yangu wakili, nilipomtajia jina hilo, hakuniuliza inanihusu nini. Alisema tu, "Hiyo ni tofauti," na akaagiza chai nyingine. Tofauti yenyewe hakuitaja, na mimi sikumsukuma, maana chai ilikuwa yake.

Shangazi hafuatilii haya ninayoandika. Anachofuatilia ni kamati maalum ambayo Seneti yetu iliunda kuhusu fidia ya waathiriwa wa 1998. Ameweka kila kitu kwenye bahasha ya kaki: kitambulisho, barua ya mwajiri, kadi ya kliniki ya macho. Wiki iliyopita alinipa ile karatasi ya hospitali ya Agosti 1998 niitazame, akitaka kujua kama bado itakubaliwa, kwa kuwa wino umefifia na jina lake linasomeka nusu. Tuliipeleka karibu na dirisha nikaipiga picha mara tatu.