Kuutazama Moyo

Mtu huzijua njia za shamba lake, huyajua mabonde ya nchi yake, na pengine hujua habari za miji asiyopata kuiona. Lakini aghalabu hajui yapitayo moyoni mwake kati ya kuchomoza kwa jua na kuchwa kwake. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao. Nimesomesha Kiswahili kwa miaka mingi, nikajaliwa shahada ya udaktari, nikadhani kuwa maneno yote ni watumishi wangu. Neno moja lilitosha kunionyesha kuwa mtumishi nilikuwa mimi.

Nyumba yangu iko Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, karibu na mto wa jina hilo ambao hupeleka maji yake katika bwawa la Mindu, nao watu wa mji wa Morogoro huyanywa. Katika lugha yetu mzinga ni nyumba ya nyuki, na tena mzinga ni silaha itemayo moto. Sisemi kuwa jina la mahali lilitoka huko. Nasema tu kuwa maana zote mbili zilinifaa mwenyewe.

Kwa desturi ya Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Watoto wa dada huirithi. Watoto wa kaka hutazama kwa mama yao. Niliijua desturi hii tangu utotoni, lakini nilipanda migomba na miembe katika shamba la marehemu mama yetu, nikajisahau, nikaliita langu. Siku ya arobaini ya mama, dada yangu alitaja sehemu ya shamba kwa ajili ya binti yake. Nilimjibu mbele ya wageni kwa neno ambalo sitaliandika hapa. Tangu siku ile ilipita miaka 2 bila ya sisi kusemezana.

Katika hali hiyo rafiki alinichukua Dar es Salaam, katika hekalu la Kibuddha lililoasisiwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wasinhala waliotoka Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Huko watu wa dini mbalimbali hufundishwa kuutazama moyo. Fundisho la kwanza lilikuwa fupi. Keti wima, fuata pumzi iingiapo na itokapo, wazo likikuchukua, tambua kuwa umechukuliwa, kisha rudi. Nilicheka kimoyomoyo, nikisema kazi hii hata mtoto huiweza. Sikuifikia pumzi ya tano.

Mwalimu wa lugha hapumziki na maneno, basi niliuliza jambo hili tuliite nini. Watu husema tafakuri au taamuli, lakini mwenye kutafakari huwaza juu ya kitu, ilhali hapa mtu hutazama kuwaza kwenyewe. Katika Kipali, lugha ya vitabu vya kale vya Wabuddha, neno lake ni sati, ambalo asili yake ni kukumbuka. Nilistaajabu, maana dhikri nayo, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni kukumbuka. Njia hizi si moja, wala sitazichanganya. Lakini zote mbili zamjua binadamu kuwa ni kiumbe msahaulifu.

Wakati wa likizo nilijitenga nyumbani kwa siku 3, kwa mfano wa mafungo ambayo sisi Wakatoliki tumeyazoea. Simu niliizima, na vitabu nilivifungia. Siku ya kwanza nilikuwa mzinga wa nyuki: mawazo yaliingia na kutoka bila ya kuomba ruhusa. Siku ya pili nilikuwa mzinga wa pili. Hasira ilikuja, ikakaa kifuani na katika taya, nami nikajikuta nikimhutubia dada yangu ambaye hakuwapo. Hotuba ile ilirudi mara 17 kabla ya adhuhuri. Ajabu yake ni kwamba kila iliporudi nilikuta nimeisahihisha, kama nisahihishavyo insha za wanafunzi. Kumbe kwa miaka 2 hasira yangu haikuishi kwa nguvu zake. Niliilisha kwa mkono wangu.

Kanisa lilinifundisha kuchunguza dhamiri, na fundisho hilo naliheshimu. Lakini mimi nilikuwa hakimu mwepesi: nilikata hukumu kabla ya kumsikia shahidi. Mafundisho ya Buddha juu ya jambo hili humtaka mtu aitambue hasira kuwa ni hasira ikiwapo, na atambue pia ikiwa haipo. Hayamwambii aifukuze wala aitii. Siku ya tatu, hotuba ilipopungukiwa na maneno, niliona kilichokuwa chini yake. Dada yangu ndiye aliyemwogesha mama katika siku zake za mwisho. Mimi nilikuwa katika mkutano wa wataalamu, nikafika mama amekwisha kuzikwa. Shamba lile ndilo lililonibakia la mama, na huzuni yangu niliivika vazi la haki.

Asubuhi ya siku ya nne nilipanda mlimani kwa dada. Nilimkuta anachambua maharage barazani. Nilimwomba radhi kwa neno lile, nikamweleza na habari ya mazishi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Umechelewa, kaka.” Akanisogezea ungo, tukachambua pamoja mpaka jua likawa kali.

Ndugu msomaji, usidhani kuwa mambo yamekwisha. Mgawanyo wa shamba bado uko mikononi mwa wazee wa ukoo, na yamkini watakata shauri nisilolipenda. Hasira nayo bado hunijia. Tofauti ni kwamba sasa pengine huiona ingali mlangoni. Sikubadili dini, wala simwiti mtu abadili yake. Nimejifunza jambo moja tu, nalo nililipata kwa gharama: moyo usiotazamwa humtuma mwenyewe, naye hudhani anakwenda kwa hiari yake. Wanafunzi wangu nawafundisha kusoma maandishi ya wengine kwa makini. Ningalijisoma mapema kwa makini hayo hayo, dada yangu asingalisubiri miaka 2.