Mukubwa Muzuri wa Wakati wa Wabelgiji



Wazee wengi hapa Bunia wakianza kusema habari za wakati wa Wabelgiji, kwanza wanataja fimbo, kodi na kazi ya barabara. Halafu wanakaa kimya kidogo, na mumoja anasema: "Lakini yule mukubwa wa teritware, yule alikuwa mutu muzuri." Na wengine wanaitika. Nimesikia neno hili nyumbani mara nyingi, na katika darasa la historia tuligombana juu yake saa nzima. Wengine walisema mukoloni muzuri hayuko, ni sawasawa kutafuta chui anayekula majani. Wengine walisema wazee wetu si wajinga, walimuona kwa macho yao. Mimi naona pande zote mbili ziliacha ulizo moja, ndiyo maana naandika.

Baba ya babu yangu alikuwa anafanya kazi ya barabara, si kwa kupenda. Mukubwa wao wa wakati ule alijua majina ya watu na alisalimia wazee kwanza. Siku moja polisi alimupiga mama mumoja mwenye mimba juu ya kodi ya mume wake. Mukubwa akamunyanganya polisi ile fimbo mbele ya watu wote. Sisi jamaa tunasimulia habari hii mpaka leo. Lakini watu wanasahau mwisho wake: kisha miaka miwili bwana yule akahamishwa, akaja mwingine, na polisi akapewa fimbo yake tena. Babu alimuuliza baba yake: "Na ninyi mulisema nini?" Akajibu: "Nani alituuliza?"

Wabelgiji wenyewe walifikiri sana juu ya mukubwa muzuri, tusiwasingizie. Walipopokea Kongo mikononi mwa mufalme Leopold II mwaka 1908, sheria yao ya ukoloni iliandika kwamba Gavana Mukubwa atalinda wenyeji na kuendesha maisha yao mbele. Mwaka 1920 walifungua shule kubwa katika muji wa Antwerpen kwa kufundisha wale watakaotumwa huku. Na Pierre Ryckmans, aliyekuwa Gavana Mukubwa tangu 1934 mpaka 1946, aliandika kitabu mwaka 1931. Jina lake kwa Kifaransa ni Dominer pour servir, maana yake kutawala ili kutumikia. Mutu huyu alikuwa amekaa Burundi miaka mingi, hakuwa muporaji wala mulevi. Lakini wakati wa vita vya 1940-1945, chini ya Ryckmans huyuhuyu, siku za kazi ya lazima ziliongezwa toka 60 mpaka 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa porini kutafuta mupira, kazi ile iliyoua babu zao. Siku mia moja na ishirini! Hesabu mwenyewe ni miezi mingapi mutu hakulima shamba lake. Nani alikuwa anatumikia nani?

(Juu ya mipaka waliyokata katikati ya mashefu wa Ituri, nayo kwa kusema eti wanaleta amani, sitaandika hapa. Darasa letu lina watoto wa pande zote.)

Katika kusoma nilikuta jambo la Wahispania ambalo lilinishangaza. Wale walitawala Amerika karibu miaka mia tatu, na matendo yao mabaya yanajulikana. Lakini walikuwa na desturi moja inayoitwa residencia. Mukubwa akimaliza kazi yake, haruhusiwi kwenda hivihivi. Mwamuzi anakuja, habari inatangazwa wazi, na kila mutu aliyetendewa vibaya, hata mwenyeji wa inchi, anaweza kuja kumushitaki. Mwaka 1531 Vasco de Quiroga alifika Mexico kuwa mwamuzi. Alinunua udongo kwa feza yake akajenga kijiji cha kupokea wenyeji maskini na wagonjwa. Mwaka 1536 naye alihojiwa, na wenyeji wakaja kusema wema wake. Baadaye akawa askofu katika Michoacán, na wenyeji wa kule wanamuita Tata Vasco, ni kusema Baba Vasco, mpaka leo.

Nisidanganye: desturi ile ilikuwa na matundu. Waamuzi walikula rushwa. Na Luis Ponce de León, aliyetumwa mwaka 1526 kumuhoji Hernán Cortés mwenyewe, alifika Mexico na kufa katika mwezi uleule. Lakini tazama tofauti. Wema wa Quiroga hatuambiwi na rafiki zake tu; wale aliowatawala waliulizwa. Babu zetu hawakuulizwa.

Au tuseme, waliulizwa mara moja, na kwa shida. Mwaka 1896 Leopold II aliweka tume ya kulinda wenyeji. Ndani yake walikuwa wamisionere watatu wa Kikatoliki na watatu wa Kiprotestanti, na George Grenfell wa Wabaptisti alikuwa mwandishi wake. Watu wa Mungu kweli. Lakini walikaa mbali kabisa na inchi ya mupira, kila mumoja kwake, hata kukutana ilikuwa ngumu. Tume ile haikufanya kitu. Mwaka 1904, kisha makelele mengi Ulaya, mufalme alituma tume nyingine ya waamuzi watatu: Janssens Mubelgiji, Nisco Muitalia, na de Schumacher Muswisi. Safari hii walipanda mashua wakafuata watu kule waliko, na wamisionere wa Baringa wakawaletea mashahidi.

Kule Baringa akasimama shefu Lontulu wa Bolima. Alileta vijiti 110, akavipanga mezani mbele ya waamuzi: fungu la wakubwa, fungu la wanaume, fungu la wanawake, fungu la watoto. Kila kijiti ni mutu wake aliyeuawa juu ya mupira. Akataja majina, kijiti kwa kijiti.

Waamuzi walisikia. Costermans, aliyekuwa anashika kazi ya gavana kule Boma, alipoelezwa yale tume iliyokuta, alijiua mwezi wa tatu 1905. Labda zamiri yake ilimushitaki; kama ni hivi, ilichelewa. Ripoti ya tume ilitoka mwisho wa mwaka ule, ikakubali kwamba mateso ni ya kweli, na miaka mitatu nyuma yake Leopold akanyanganywa Kongo. Lakini maneno ya mashahidi wenyewe, ya Lontulu na wenzake, hayakuchapwa katika ripoti ile. Yaliwekwa Brussels ndani ya makaratasi yaliyofungwa, na watu wa kawaida hawakuruhusiwa kuyasoma mpaka miaka ya 1980, Kongo ikiwa imekwisha kupita miaka ishirini ya uhuru.