Wimbo wa Taifa Uwanjani

Msomaji mpenzi, kama hujapata kufika Kakamega siku ya Jumamosi, huenda ukadhani kwamba watu wa huku hawajui mchezo mwingine ila kandanda. Dhana hiyo ina sababu, maana mapenzi yetu kwa AFC Leopards tumeyarithi kwa baba zetu. Lakini njoo siku ambayo Kabras Sugar, timu iliyotwaa Kombe la Kenya la raga kwa mara ya kwanza mwaka 2016, inacheza katika Uwanja wa Maonyesho. Utawaona wazee kwa vijana, wauza ndizi kwa makarani, wamejipanga kando ya mstari, macho yao yakiufuata mpira wenye umbo la yai. Mvua ya alasiri, ambayo kwetu haimwombi mtu ruhusa, huwanyeshea, nao hawaondoki.

Firimbi ya mwisho ikilia, huanza mchezo wa pili, yaani mchezo wa maneno. Siku moja nilisimama katika kundi la watu kama kumi waliokuwa wakijadili hali ya timu ya taifa. Mzee mmoja, mwalimu aliyekwisha kustaafu, alishikilia kwamba timu imelegea kwa sababu wachezaji hawauimbi wimbo wa taifa kwa moyo. "Vitazameni vinywa vyao," alisema. "Mtu asiyeweza kuiimbia nchi yake, ataipigania namna gani?" Kijana mmoja, mwendesha bodaboda, alimjibu kwa adabu, "Mzee wangu, wimbo haumwangushi mtu chini. Anayemwangusha mtu ni yule aliyefanya mazoezi." Kundi likagawanyika sehemu mbili, kila upande ukapaza sauti, na mwisho wakanitaka mimi niamue, kwa kuwa nafundisha. Niliwaambia kwamba nitafikiri kwanza. Insha hii ndiyo jibu langu. Nalo limechelewa kwa sababu ilinipasa kwanza kulijua kosa langu mwenyewe.

Tuanze na hali ya timu. Mwezi wa Aprili mwaka 2016, timu yetu ya wachezaji saba, iitwayo Shujaa, chini ya kocha marehemu Benjamin Ayimba, iliishinda Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore. Fiji ni visiwa vya mabingwa wa mchezo huo, na siku ile Kenya nzima ilijiona imekua kimo. Mwezi wa Mei mwaka 2023, mjini London, timu hiyo hiyo ilishindwa na Kanada 12 kwa 7, ikateremshwa kutoka daraja la juu la dunia. Ilirudi katika daraja hilo mwezi wa Juni mwaka 2024, baada ya kupigana mjini Madrid. Ndugu zao wa timu ya wachezaji kumi na watano, waitwao Simba, walikwenda Marseille mwaka 2018 kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, wakashindwa. Wakajaribu tena mwaka 2022, na Namibia ikawafungia mlango bila ya kuwaachia hata pointi moja. Sasa, wimbo wetu wa taifa ni ule ule tulioupata mwaka 1963. Haukuongezwa neno mwaka 2016, wala haukupunguzwa neno mwaka 2023. Kwa hiyo, kama ni hesabu tu, kijana wa bodaboda alikuwa na haki.

Lakini mzee naye hakuwa mtu wa kupuuzwa, maana hoja yake ina ukoo mrefu. Mwezi wa Desemba mwaka 1905, mjini Cardiff, wachezaji wa New Zealand walicheza ngoma ya vita ya Wamaori mbele ya wenyeji wao. Wachezaji wa Wales wakawajibu kwa kuimba wimbo wa nchi yao, na umati wote ukaitikia. Siku hiyo Wales ilishinda 3 kwa 0, na tangu hapo watu wengi wa raga wameamini kwamba wimbo una nguvu. Tena mabishano juu ya nyimbo si ya Kakamega peke yake. Mwaka 1999, katika uwanja wa Twickenham, mwimbaji Hinewehi Mohi aliuimba wimbo wa New Zealand kwa lugha ya Kimaori tu. Wengi kwao walinung'unika, lakini baadaye ikawa desturi kuuimba kwa lugha zote mbili. Mwaka 2023, katika Kombe la Dunia huko Ufaransa, nyimbo ziliimbwa na kwaya za watoto wa shule, na malalamiko yakawa mengi hata wakuu wa mashindano wakazibadilisha kanda. Basi ukiona watu wanabishana kwa ajili ya wimbo, usidhani wamekosa kazi. Wanabishana juu ya nani ni wa nchi, na kwa kipimo gani.

Sasa nikueleze kosa langu. Miezi michache baada ya mabishano yale, niliwachukua wanafunzi wachache wa timu yetu ya shule kwenda Nairobi. Sisi wa magharibi tukisikia kwamba timu ya taifa inacheza nyumbani, tunajua kwamba nyumbani huko ni safari ya usiku kucha kwa basi. Mechi ilikuwa dhidi ya Uganda, ya Kombe la Elgon, ambalo limepewa jina la mlima unaozigawana nchi hizi mbili. Tulikaa katika uwanja wa RFUEA, barabara ya Ngong. Nyuma yetu walikuwa mashabiki waliojua kila kitu: huyu amezeeka, yule hafai, kocha hana macho.

Timu zilipopangwa mstari, ulipigwa kwanza wimbo wa wageni, kisha ukaanza wetu. Nilisimama wima na kuimba. Katikati ya ubeti wa kwanza, sauti moja nyuma yangu ikasema, "Mwone yule wa tatu kutoka kushoto, haimbi hata neno." Maneno ya mzee wa Kakamega yakanirudia kichwani. Nikakaza macho kumtazama yule mchezaji. Midomo yake ilikuwa imefungwa kweli, na kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka. Nikaanza kumhukumu moyoni mwangu: huyu anavaa rangi za nchi, tena haimbi! Ndipo mwanafunzi mmoja aliyesimama ubavuni pangu akanigusa mkono, akaninong'oneza, "Mwalimu, mbona na wewe umenyamaza?"

Msomaji, nimepata aibu mara kadhaa maishani, lakini chache zimenikaa kama ile. Nilikuwa nimeacha kuimba ili nichunguze kama mwenzangu anaimba. Nilijaribu kurudi katika wimbo, nikakuta tumefika ubeti wa pili, na maneno yakanipotea. Mimi, mwalimu, ninayesimama mbele ya bendera kila Jumatatu! Wanafunzi wangu waliuimba bila kukosea. Na yule mchezaji, mechi ilipoanza, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitupa miguuni pa Mganda aliyemzidi uzito. Huenda alinyamaza kwa sababu koo lilikuwa limejaa. Huenda alikuwa akisali. Mimi sikuwa na njia ya kujua, na bado nilikuwa nimekwisha kumhukumu.

Usiku ule, ndani ya basi, nilifikiri sana juu ya wimbo wenyewe. Sauti yake ilitokana na wimbo ambao akina mama wa Kipokomo, kando ya mto Tana, huwabembelezea watoto. Waliotengeneza maneno na muziki wake walikuwa watu watano, na mmoja wao, George Senoga-Zake, alizaliwa Uganda, nchi ile ile tuliyokuwa tumetoka kuizomea mchana kutwa. Wimbo huo ni dua. Nao anayeomba dua hana nafasi ya kufungua jicho moja amchungulie jirani yake.

Nilikumbuka pia desturi ya kwetu. Ndugu zetu wa Isukha na Idakho wanapompeleka fahali uwanjani kupigana, humsindikiza kwa isukuti, ngoma ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma hulia, watu hukimbia pamoja naye, vumbi hupanda. Lakini mwenye fahali anajua kwamba isukuti haitamlisha mnyama aliyelala na njaa. Majani yalipaswa kukatwa miezi mingi kabla. Tena fahali akishindwa, wapiga ngoma wengi hukimbilia upande wa mshindi, na mwenye fahali hurudi nyumbani na mnyama wake kimya kimya. Kesho yake asubuhi ndiye anayekwenda tena kumkatia majani. Ukitaka kujua nani anampenda fahali yule, usihesabu waliocheza ngoma.

Kwa hiyo hili ndilo jibu nililowapelekea mzee na kijana niliporudi. Kijana alisema kweli kwamba wimbo haufanyi kazi ya mazoezi. Mzee alisema kweli kwamba wimbo una maana. Walipokosea wote wawili, pamoja nami, ni kudhani kwamba wimbo ni mizani ya kumpimia mchezaji. Sisi tulio nje ya mstari tumepewa tuuimbe wenyewe, kwa maneno yote, siku ya Singapore na siku ya London pia. Mzee alicheka, akaniuliza kama sasa naujua ubeti wa pili. Nilimwambia kwamba naujua, na wa tatu pia, kwa kuwa mwanafunzi wangu alinifundisha ndani ya basi, kabla hatujafika Nakuru.