SIKU YA MSHAIRI KATIKA TEMBE LA KWIHARA

Na Bwana Shamba, Tabora

Kutoka Tabora mjini mpaka Kwihara ni mwendo mfupi. Ni kiasi cha kilomita 6 tu. Kwa baiskeli unafika kabla jua halijawa kali. Njiani utaona miembe mikubwa na mashamba ya mahindi na karanga. Huko Kwihara iko nyumba ya udongo yenye paa la bapa. Nyumba ya namna hii tunaiita tembe. Mlango wake ni wa mbao zilizotiwa nakshi. Tembe hili limejengwa upya mahali pa lile la zamani. Ni nyumba ya makumbusho.

Zamani Kwihara palikuwa kituo cha misafara. Njia ilianza Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Katika njia hiyo zilipita nguo, shanga na pembe za ndovu. Walipita pia watumwa, nao walikwenda wakilia. Mwaka 2006 Tanzania iliitia njia hii katika orodha ya mahali inapotaka pawe Urithi wa Dunia.

KWA NINI TULIKWENDA

Tarehe 1 Januari wanakisomo wa kijiji chetu walikwenda Kwihara. Mimi nilikuwa pamoja nao. Siku hiyo ni Mwaka Mpya. Lakini pia ni siku aliyozaliwa mshairi wetu mkubwa, Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alifanya kazi ya ukarani serikalini. Alitunga mashairi na vitabu vingi kwa Kiswahili. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe. Alifariki mwaka 1962.

Tanga ni mbali na kwetu. Nyumba ya kumbukumbu iliyo karibu nasi ni hii ya Kwihara. Basi wanakisomo waliamua kumkumbuka mshairi hapo.

Mama mmoja alisoma shairi la Shaaban Robert. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alipokosea alirudia. Alipomaliza, tulipiga makofi.

Ndipo mzee mmoja akauliza: "Mtu huyu alizaliwa mbali, na amekufa zamani. Mmeijuaje siku yake?"

Yule mama akajibu: "Iliandikwa, Baba."

Mzee akanyamaza. Kisha akasema: "Mimi siku yangu haikuandikwa. Niliambiwa tu kwamba nilizaliwa wakati wa kupalilia."

MGENI ALIYEANDIKA KILA SIKU

Katika tembe la Kwihara alikaa mgeni mmoja kutoka Uingereza, jina lake David Livingstone. Alifika mwezi Februari 1872 pamoja na Stanley, wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani. Siku tano baadaye, tarehe 19 Machi, Livingstone alitimiza miaka 59. Siku hiyo ya kuzaliwa ilimkuta hapa Kwihara. Alikuwa akingoja wapagazi, na aliwangoja mpaka mwezi Agosti.

Habari hizi tunazijua kwa sababu aliziandika. Mwaka 1871, alipokuwa upande wa Kongo, karatasi zilimwishia. Hakuacha kuandika. Alichukua gazeti kuukuu, akaandika juu ya maneno yake. Wino wake aliutengeneza kwa mimea.

WALIOIMBA NJIANI

Lakini njia hii haikuwa ya wageni tu. Mizigo ilichukuliwa na wapagazi, na Wanyamwezi walisifika sana kwa kazi hiyo. Mzigo mmoja uliweza kufika kilo 30. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, yaani kiongozi wa njia. Watu waliimba ili miguu isichoke. Waliimba juu ya njaa, juu ya wake zao, juu ya kurudi nyumbani kulima.

Watu hao nao walikuwa washairi. Lakini leo nani anajua majina yao? Nani anajua siku walizozaliwa? Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo mingi ilipanda gari moshi. Nyimbo zikabaki vinywani mwa wazee.

Yule mzee wetu alikuwa na babu aliyekuwa mpagazi. Tulimwomba atuimbie wimbo wa babu yake. Aliimba kwa Kinyamwezi, na sisi tukaitikia. Alipofika karibu na mwisho alisimama. Alijaribu tena, akasimama palepale. Akasema: "Hapo nimesahau. Na wenzangu waliojua wamekwisha kufa."

Kijana mmoja aliandika maneno aliyoyasikia. Yalijaza kurasa mbili za daftari. Mwisho wa wimbo haukupatikana.

KIJANA ALIYEJUA KUANDIKA

Mwezi Agosti 1872 walifika Kwihara watu waliotumwa na Stanley kumsaidia Livingstone. Mmoja wao aliitwa Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, na aliwahi kuwa mtumwa. Alipokombolewa alisomeshwa huko India. Livingstone alipofariki mwezi Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Jacob alichonga jina lake juu ya mti. Kisha yeye, Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili mpaka Bagamoyo. Mwezi Oktoba walipita hapa Kwihara.

Safari ile ilifanywa na watu wengi. Jacob aliandika habari zake, na maneno yake yanasomwa hata leo. Alifariki mwaka 1892 huko Urambo, katika mkoa wetu huu wa Tabora.

TUFANYE NINI

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Nunua daftari moja. Andika siku walizozaliwa watoto wako, na uwapatie vyeti vya kuzaliwa. Andika siku mvua ya kwanza iliponyesha na siku uliyopanda. Kisha nenda kwa mzee wa jirani, umwamkie kwa heshima, umwombe akuimbie nyimbo za zamani. Ziandike kwa lugha yake mwenyewe, pamoja na jina lake.

Usingoje mpaka baada ya mavuno. Nenda wiki hii, maana mzee anayekumbuka mwisho wa wimbo huenda yuko kijijini kwako.