Kutoka Mudaka hadi Kamanyola, kuuona mti wa bibi

Mwezi wa nane mwaka 2023, mjomba wangu wa Nyangezi alinipigia simu. Wakristo wa kijiji walikuwa wanatafuta mahali pa kujenga nyumba ya sala ya shirika lao, na kiwanja kilichowapendeza kilikuwa cha kwetu, kule juu kabla ya kushuka Ngomo. Kiwanja hakikuwa na shida. Shida ilikuwa mti.

«Mwalimu, wewe njo mkubwa upande wa mama yako. Kuja tuongee.»

Mti wenyewe ni cigohwa, ule wa maua mekundu na miiba kwenye gome, ambao majirani wetu wa Rwanda wanauita umuko. Wazee wa Bushi hawana haja ya kuelezwa, lakini vijana wetu wanayo. Lyangombe, mkubwa wa emandwa, alikwenda kuwinda. Nyati akampiga pembe, akafia penye mti huo. Tangu hapo wale waliobandwa walikutana chini yake: kwetu, kwa Bahavu, Rwanda, hata Burundi ambako wanamwita Kiranga. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao.

Niseme ukweli. Wakati nilikuwa mwanafunzi wa ISP, nilirudi likizo moja na vitabu vyangu, nikamwuliza bibi mbele ya watu kama Lyangombe alipata diploma. Watu wakacheka. Yeye aliendelea kupepeta maharagi yake. Alikufa kabla sijarudi tena, na simu ya mjomba ilinirudisha pale pale kwenye ungo ule.

Nikaazima moto ya jirani. Ilikuwa TVS, kama nyingi zinazobeba watu hapa kwetu, na zinatengenezwa Uhindi. Nilipita Bukavu kwanza kununua mnyororo, na mwenye duka, Mhindi wa makamo, aliposikia kwamba naenda kuona mti wa wazee, hakushangaa hata kidogo. Alinionyesha picha katika simu: mpwa wake juu ya moto, nyuma yake mito miwili inakutana, mmoja kijani, mwingine rangi ya udongo. Ni Devprayag, akasema, mahali Alaknanda na Bhagirathi zinaungana na kuitwa Ganga. Vijana wao wanapanda mabonde hayo ya Himalaya kwa moto, hekalu kwa hekalu, hadi njia inapowakatalia. Kedarnath, kwenye hekalu la Shiva, juu ya mita 3500, moto haifiki, wengi wanamalizia kwa miguu. Mwaka 2013 mafuriko yaliua maelfu ya watu kule, lakini lile hekalu la mawe lilibaki limesimama.

Maneno hayo ya mawe nilitembea nayo njia yote.

Wakati ule magari mengi yaliyokwenda Uvira yalikuwa yanavuka mpaka na kupitia Bugarama, Rwanda, kwa sababu upande wetu barabara ilikuwa ngumu. Mimi nilifuata ya kwetu: Essence, Panzi, kisha vumbi. Mkono wa kushoto, chini kabisa, Ruzizi. Watu wa Bukavu tunauona mto huu pale unapotoka ziwani, umetulia kama mtu mpole, tunafikiri tunaujua. Unaacha Kivu kwenye mita 1460 hivi na kuingia Tanganyika kwenye mita 770 hivi, mwendo wa kilomita kama 117. Mayi inayoanguka hivyo ina nguvu: bwawa la Ruzizi I ni la mwaka 1958, Ruzizi II la 1989. (Usiku mwingi sana nimesahihisha kazi za wanafunzi Mudaka kwa taa ya simu, lakini hayo tuyaache.)

Nyangezi nilisimama mbele ya misheni. Mapadri Weupe walifika hapo mwaka 1906. Walijenga kwa tofali, na kwa hiyo leo mtoto yeyote anaweza kuonyesha kwa kidole: hapa njo dini ilianzia. Waliwakataza wakristo mambo ya emandwa, na mimi mwenyewe nimebatizwa, sina haja ya kuwatukana. Ila dini ya bibi haikuwa na ukuta hata mmoja. Ukikata mti, hakuna kitu cha kuonyesha mtoto kwa kidole.

Mjomba alinipeleka. Nilidhani nitakuta mti mkubwa sana. Ulikuwa wa kawaida, umepinda, na mtu alikuwa amefunga mbuzi hapo. Chini, bonde lote lilionekana, mpaka moshi wa tambarare.

«Mimi siogope mti,» mjomba akasema. «Naogopa kuukata halafu mtoto agonjwe, watu waseme ni mimi.»

Hatukuweza kukata shauri wenyewe. Akabaki mtu mmoja wa kuuliza: mdogo wake bibi, aliyeolewa Kamanyola. Nikashuka Ngomo. Sitaki kueleza sana mteremko ule: mwamba upande mmoja, upande wa pili hewa, na lori linakuja. Chini joto likanipokea kama mlango wa tanuru.

Bibi mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka, rozari shingoni. Nilimsalimia kwa mikono miwili, nikamweleza. Nilipotaja Lyangombe alinyamaza muda mrefu. Waliobandwa wanaapa kutotoa siri, na kiapo chake kilikuwa bado kinamfunga, rozari au hapana rozari.

«Ile niliona, sitakuambia,» alisema mwishoni. «Dada yangu alisema wewe ulimcheka.»

«Ndiyo, bibi. Nilimcheka.»

«Basi. Mujenge nyumba ya Mungu. Lakini mbele ya kukata, chukua tawi. Cigohwa haisumbue. Unachoma mu udongo, inaota.»

Kesho yake mjomba alikata tawi lenye urefu wa mkono, nikalifunga nyuma ya moto kwa kamba ya mpira. Kwenye bariyeri moja kijana akaniuliza: «Mwalimu, ile kijiti iko dawa?» Nikamjibu ni mti wa kupanda. Akanidai pesa ya mti.

Nililipanda nyuma ya nyumba, Mudaka. Mke wangu, ambaye ni mwimbaji wa koro, aliliangalia siku nyingi bila neno, kisha kiangazi kilipokaza nikamkuta analimwagia mayi ya kuoshea vyombo. Kule juu nyumba ya sala ilisimama mwaka 2024. Mwezi wa pili 2025 vita ikafika Kavumu, kisha Bukavu, na Ngomo si njia ya kwenda tena kwa sababu ya mti. Bibi mdogo sijamwona tangu siku ile. Tawi limenipita urefu. Maua bado.