Mpira wa Kuachwa Upite

Mwanangu wa kwanza ni mwepesi wa hasira, na hilo lilinitia hofu kuliko matokeo yake ya shule. Alipoanza kriketi, alitamani kupiga kwa nguvu tu. Mwalimu akamwanzishia kwingine: kichwa kitulie, macho yasiuache mpira, ubao ushuke wima kuvilinda vijiti vitatu, na mpira usiovielekea vijiti, auache upite. Nami nikamsimulia habari za Hashim Amla, Mwislamu wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 2012 jijini London alipiga kwa zaidi ya saa 13, akapata mikimbio 311 bila kutolewa. Juzi mwenzake alimtolea maneno machafu uwanjani. Alinyamaza, akajipanga kuungoja mpira unaofuata. Subira niliyomhimiza kwa maneno miaka yote, mikono yake imeanza kuizoea. Alhamdulillahi.