Jiwe Halinunuliwi kwa Kusimuliwa

Katika jamaa zetu kuna desturi moja iitwayo huruma, lakini ukiitazama kwa makini utaona kwamba ni kufuli. Mtu mwenye ulemavu anapotaka kusafiri, ukoo hukutana na kushauriana, kisha humwambia kwa upole: "Wewe pumzika, sisi tutakwenda kwa niaba yako."

Kaka yangu, ambaye ninaishi naye hapa Buzuruga, Mwanza, ni sonara. Polio ilimpooza miguu tangu utotoni, naye hutumia kiti cha magurudumu. Macho na mikono yake ndiyo mtaji wake. Alipoazimia kwenda Geita kwenye maonyesho ya teknolojia ya madini, yaliyoanza mwaka 2018, ili awatafute wauzaji wa vito, wazee walishauri apelekwe mpwa wetu, apige picha za mawe kwa simu na kumletea. Kaka aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wazee wangu, jiwe halinunuliwi kwa kusimuliwa."

Basi tukaketi kupanga safari.

Zamani njia hiyo ilikuwa na kikwazo kikubwa majini. Kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi, abiria waliteremka katika basi, wakaingia kivukoni kwa miguu na kupanda tena ng'ambo. Kwa mtu mwenye miguu mizima ulikuwa usumbufu mdogo. Kwa kaka ilikuwa ni kubebwa mbele ya umati, kwenda na kurudi. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025 na kuiondoa adha hiyo. Lakini daraja halina uwezo juu ya ngazi za basi, wala juu ya ulimi wa kondakta. Mmoja alitaka kukitoza kiti nauli ya mzigo. Kaka akamwuliza: "Hiyo ndiyo miguu yangu. Ya abiria wengine umeitoza shilingi ngapi?" Basi zima likacheka, na kondakta akakifunga kiti kwa kamba bila neno.

Kuhusu malazi, hatukuanza kwa kuuliza bei. Tulikipima kiti chake kutoka gurudumu hadi gurudumu: sentimita 66. Kisha tukazipigia simu nyumba za wageni na kuuliza upana wa mlango wa chumba na wa choo, idadi ya ngazi mlangoni, na kama bajaji hufika hadi kizingitini. Wengine walidhani tunafanya mzaha. Mhudumu mmoja alikwenda na futi, akarudi akasema kwamba mlango wa chumba unatosha, ila wa choo una sentimita 60 tu. Swali hilo moja lilituokoa na usiku wa fedheha.

Jambo hili si letu peke yetu. Maonyesho ya vito ya Tucson, Marekani, yalianza mwaka 1955 katika shule ya msingi. Leo hutapakaa katika kumbi, mahoteli na mahema zaidi ya 40, mjini kote. Katika maonyesho ya namna hiyo, mgeni asiyejua atalala wapi na atatoka ukumbi mmoja kwenda mwingine kwa chombo gani, atamaliza siku njiani, hata akiwa na miguu miwili.

Huko Geita kaka alishika jiwe jekundu ambalo machoni pangu halikuwa na kasoro. Aliliweka chini ya lenzi, akaligeuza kuelekea mwangani, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele. Picha ya simu isingeuonyesha ufa ule. Alilirudisha, akachagua mawe mengine mawili madogo, akapatana bei mwenyewe.

Tanzania inayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na waandaaji wa maonyesho wana wajibu wa kutangaza upana wa milango na usafiri unaofaa, kama wanavyotangaza kiingilio. Lakini sisi katika familia tusingoje waandaaji. Jamaa anapotaka kusafiri, tumwite yeye kwanza katika kikao, tumwulize anataka kufika wapi, kisha tuchukue futi tukapime.